Resipe: Mabiringanya ya Kuoka kwa Mlaji Anayepunguza Wanga

Tazama swali hili la mazoezi:

Shangazi yako ameshauriwa na daktari apunguze vyakula vya wanga. Mwandikie resipe ya mboga ya kuoka itakayomfaa.

Watahiniwa wengi hulichangamkia swali la aina hii. Huliona rahisi. Nani asiyejua kupika mboga? Basi huorodhesha nyanya, kitunguu, mafuta na chumvi, kisha huandika: kata, kaanga, pakua, furahia. Maneno 120 yanakwisha, na mtahiniwa hana la kuongeza. Karatasi ya Kwanza inadai kila insha isipungue maneno 400, na kila insha ina alama 20. Hapo ndipo wengine huanza kujaza ukurasa kwa sifa za shangazi, wema wake na zawadi alizowaletea Krismasi, na resipe inageuka barua.

Tatizo si uhaba wa msamiati. Mtahiniwa hajui kinachotendeka ndani ya chakula anachokiandikia. Anayejua kwa nini chumvi hutangulia mafuta ana jambo la kusema katika kila hatua, na maneno 400 hayamtishi. Kwa hivyo katika sehemu hii tutapika kwanza, kisha tuandike. Mboga yetu ni biringanya: linapatikana karibu katika kila soko, halina bei kubwa, na huharibika vibaya sana mikononi mwa asiyefuata utaratibu.

Hilo la mwisho nalijua kwa sababu liliwahi kunifika. Miaka michache iliyopita mama yangu aligunduliwa kuwa na kisukari. Daktari alimwambia apunguze kiasi cha ugali na wali, na aongeze mboga. Mimi nilikuwa nikifundisha mbali na nyumbani, nikamtumia mdogo wangu ujumbe kwa simu: "Kata mabiringanya, tia nyanya na mafuta, weka ndani ya oveni hadi yaive." Niliamini kwamba nimeandika resipe.

Jioni alinipigia. "Mwalimu," alisema, na huniita hivyo anapotaka kunikejeli, "mboga yako imekuwa uji, na mafuta yanaelea juu."

Nilimuuliza kama Mama amekula. Alikuwa ameonja kijiko kimoja, akaisogeza sahani kando, kisha akala ugali zaidi ya aliokuwa ameshauriwa, kwa maana ndicho chakula pekee mezani kilicholika. Mdogo wangu hakukosea. Alifuata maandishi yangu neno kwa neno. Ujumbe ule ulikuwa na makosa yasiyopungua matano, na mwishoni mwa sehemu hii nitakutaka uyataje.

Tuanze na mlaji, kwa kuwa swali limemtaja. Wanga, au kabohaidreti, ukishameng'enywa huwa sukari inayoingia katika damu. Kwa mtu asiye na kisukari, kongosho hutoa insulini, na insulini huiwezesha sukari hiyo kuingia katika seli na kutumika. Kwa mwenye kisukari, insulini haitoshi au haifanyi kazi yake sawasawa, hivyo sukari hubaki katika damu na kupanda. Ndiyo sababu kiasi cha wanga katika sahani yake kina uzito kuliko katika sahani yako.

Sasa linganisha. Gramu 100 za wali uliopikwa huwa na takriban gramu 28 za wanga. Gramu 100 za viazi vilivyochemshwa huwa na takriban 20. Gramu 100 za biringanya bichi huwa na takriban 6 tu, na karibu nusu ya hizo ni nyuzinyuzi, ambazo mwili hauzigeuzi kuwa sukari. Kinachobaki katika biringanya ni maji: zaidi ya gramu 90 katika kila 100. Kumbuka idadi hiyo ya maji. Karibu kila kitu katika upishi huu kinatokana nayo.

Ila usiandike kwamba mgonjwa wa kisukari "hapaswi kabisa kula ugali". Mtahini atakuona umetia chumvi, na huyo shangazi atakuona humpendi. Anayetumia dawa za kushusha sukari anaweza hata kudhurika akiacha wanga ghafla bila kumhusisha daktari, kwa sababu sukari yake inaweza kushuka kupita kiasi. Mboga hii ni kitoweo. Huongezwa sahanini ili nafasi ya ugali ipungue. Usidhani pia kwamba chakula chenye wanga kidogo kinaruhusu mafuta bila kipimo. Gramu 1 ya wanga hutoa kilokalori 4, na gramu 1 ya mafuta hutoa 9. Na biringanya, kama utakavyoona, ni mlevi wa mafuta.

Likate biringanya uangalie nyama yake. Ni nyeupe, nyepesi, inabonyea. Ndani yake mna vijinafasi vingi vya hewa baina ya seli, kama sifongo. Ukimimina mafuta juu ya vipande vibichi, vitayafyonza yote papo hapo, nawe utadhani ulitia kidogo. Utaongeza, navyo vitafyonza tena. Baadaye joto likishavilainisha, vijinafasi vile huporomoka na mafuta hutoka yakaelea. Hayo ndiyo mafuta aliyoyaona mdogo wangu. Waturuki wana chakula cha biringanya kiitwacho İmam bayıldı, yaani imamu alizirai. Wapo wanaosema alizirai kwa utamu, na wapo wanaosema alizirai alipoambiwa kiasi cha mafuta kilichotumika. Mimi nawaamini hawa wa pili.

Dawa ya jambo hili ni chumvi, nayo hutiwa kabla ya mafuta. Ukinyunyiza chumvi juu ya vipande na kuviacha kwa dakika 30, utaona matone ya maji yakijitokeza juu yake, kisha yakitiririka. Hii ni osmosisi ile ile uliyosoma katika Biolojia: maji hutoka ndani ya seli, ambamo chumvi ni chache, na kwenda nje, ambako chumvi ni nyingi. Seli zikipoteza maji hulegea, sifongo hujifunga, na nafasi ya kufyonza mafuta hupungua. Mama zetu walitufundisha kwamba chumvi huondoa uchungu. Si uongo, lakini mabiringanya mengi yanayouzwa siku hizi hayana uchungu mwingi. Faida kubwa ya chumvi ni kutoa maji na kuzuia ulevi wa mafuta.

Baada ya dakika 30, vioshe vipande haraka kwa maji baridi, kisha uvikaushe kwa kitambaa safi huku ukivibonyeza. Usiruke hatua ya kuosha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai, na wenye kisukari wengi wana shinikizo la damu pia. Hatua ya kukausha nayo usiiruke, la sivyo utakuwa umeyarudisha maji uliyongoja nusu saa yatoke.

Mpaka hapa hatujawasha moto. Tuwashe.

Maji huchemka yakifikia nyuzijoto 100 za Selisiasi katika usawa wa bahari, na huku Nairobi, mita zaidi ya 1,600 juu ya bahari, huchemka hata kabla ya kufika hapo, takriban nyuzijoto 95. Maana yake ni kwamba kipande chenye maji mengi juu yake hakiwezi kupata joto zaidi ya hapo, hata kama oveni imewekwa nyuzijoto 200. Joto lote linatumika kuyageuza maji kuwa mvuke. Kipande kitaiva, ndiyo, lakini kitakuwa kimechemka wala hakijaokwa. Rangi ya kahawia na harufu inayowatoa watu vyumbani huja haraka pale tu joto la juu ya kipande linapopita takriban nyuzijoto 140. Katika joto hilo sukari chache zilizomo katika mboga hukutana na asidi za amino, na kutokana na mkutano huo huzalika mamia ya ladha mpya. Mwanakemia Mfaransa Louis-Camille Maillard ndiye aliyeueleza mmenyuko huu mwaka 1912, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Ni mmenyuko ule ule unaoipa rangi nyama choma, ganda la mkate, na hata ukoko wa ugali.

Sasa utaelewa kosa ambalo nadhani ndilo kubwa kuliko yote: kurundika. Vipande vikilaliana, mvuke unaotoka kwa cha chini humlowesha wa juu yake, na trei nzima huwa sufuria ya kuchemshia. Panga safu moja, pawe na nafasi ya kidole baina ya kipande na kipande. Trei ikijaa, tumia mbili. Usifunike. Oveni nayo iwe imepata moto kabla ya kuingiza chakula, kwa sababu kikiingia katika oveni baridi kitatoa maji polepole na kulowa humo humo.

Nyanya ndiyo iliyoniponza zaidi. Ni mboga nyingine yenye maji zaidi ya gramu 90 katika kila 100, nami nilimwambia mdogo wangu aitie pamoja na mabiringanya tangu mwanzo. Nilikuwa kama mtu anayeanika nguo huku mvua inanyesha. Nyanya na ipikwe kando, katika kikaangio kisichofunikwa, hadi mchuzi wake uwe mzito na mwiko ukiburutwa uache njia. Hapo ndipo ipakwe juu ya vipande vilivyokwisha kupata rangi. Nyanya ya kopo au sosi ya chupa ina njia yake ya mkato, lakini soma maandishi ya kopo kwanza. Sosi nyingi za nyanya zimetiwa sukari, na tunampikia mtu anayeikimbia.

Kuhusu ladha nyingine sitasema mengi. Kitunguu saumu huungua upesi na kuwa kichungu, kwa hivyo hakikai nusu saa katika oveni. Kitie ndani ya mchuzi wa nyanya. Bizari nyembamba ikaange kwa sekunde chache katika mafuta kabla ya kitunguu, inuke. Limau na dania hutiwa chakula kikishatoka motoni, kwa kuwa harufu zao huruka na mvuke. Asidi ya limau ina kazi nyingine pia: humfanya mlaji aone chakula kimekolea hata chumvi ikiwa chache. Wapishi wengi humalizia mboga za kuoka kwa chenga za mkate ili juu pawe na kitu cha kutafuna. Chenga hizo ni wanga uliorudi kupitia mlango wa nyuma. Tumia ufuta badala yake, wale wa nyumbani wanaouita simsim, au njugu zilizopondwa.

"Mwalimu, kwetu hakuna oveni." Huulizwa kila mwaka, na ni swali la haki. Watu wa pwani wameoka mkate wa sinia kwa vizazi bila oveni, kwa kupalia: sufuria huwekwa juu ya makaa machache, hufunikwa kwa sinia au kifuniko bapa, na makaa mengi zaidi huwekwa juu ya kifuniko. Joto hutoka juu na chini. Kwa mboga yetu njia hii ina dosari moja, kwamba kifuniko huzuia mvuke. Kwa hivyo vikaushe vipande kwanza katika kikaangio kizito chenye moto mkali na mafuta haba, upande mmoja kisha wa pili, hadi vipate rangi. Halafu vipange katika sufuria, paka mchuzi mzito wa nyanya, na upalie kwa dakika 15. Jiko la makaa litumike nje au mahali penye hewa ya kutosha. Kaboni monoksidi haina harufu, na imewaua watu waliolala nayo chumbani.

Ukiandika njia hii katika mtihani, hutakosa alama kwa sababu shangazi yako hana oveni. Kupalia ni kuoka. Kinachokatazwa ni kuchanganya istilahi. Kuoka ni kuivisha kwa joto kavu linalozunguka chakula. Kuchoma ni kuweka motoni au juu ya makaa moja kwa moja. Kubanika ni kuivisha juu ya moto kwa kijiti au wavu. Kukaanga ni kwa mafuta, kuchemsha ni kwa maji. Swali likisema "ya kuoka" nawe ukakaanga mwanzo hadi mwisho, umejibu swali lingine.

Hii hapa resipe yenyewe, jinsi inavyopaswa kuonekana kwenye karatasi:

RESIPE YA MABIRINGANYA YA KUOKA KWA NYANYA NA UFUTA

Idadi ya walaji: 4
Muda wa matayarisho: dakika 40
Muda wa mapishi: dakika 40

Viambato
Mabiringanya 2 makubwa (takriban gramu 700)
Nyanya 3 za wastani zilizoiva
Kitunguu maji 1
Punje 4 za kitunguu saumu
Vijiko 3 vya mezani vya mafuta ya kupikia
Kijiko 1 cha chai cha chumvi
Kijiko 1 cha chai cha bizari nyembamba
Nusu kijiko cha chai cha pilipili manga
Vijiko 2 vya mezani vya ufuta
Nusu ya limau
Kishada kidogo cha dania

Vifaa
Oveni, trei mbili za kuokea, kikaangio, kichungi, kisu, ubao wa kukatia, kitambaa safi, brashi, mwiko.

Utaratibu
1. Osha mabiringanya, uyakate vikonyo, kisha uyakate yawe vipande vya mviringo vyenye unene wa sentimita 1.5. Usiyamenye, ganda husaidia kipande kishikane.
2. Vipange vipande ndani ya kichungi, uvinyunyizie chumvi pande zote mbili, na uviache kwa dakika 30 hadi vitoe maji.
3. Vipande vikikaribia kuwa tayari, washa oveni na uiache ifike nyuzijoto 200.
4. Vioshe vipande haraka kwa maji baridi, kisha uvikaushe kwa kitambaa huku ukivibonyeza.
5. Vipake mafuta pande zote mbili kwa brashi, ukitumia vijiko 2 pekee, na uvipange kwenye trei kwa safu moja bila kugusana.
6. Oka kwa dakika 25. Baada ya dakika 15, vigeuze. Viko tayari vikiwa na rangi ya kahawia kingoni na kisu kikipenya katikati bila kukwama.
7. Vipande vikiwa ndani ya oveni, pasha kijiko 1 cha mafuta katika kikaangio. Tia bizari, na inaponukia tia kitunguu kilichokatwakatwa. Kikilainika, tia kitunguu saumu kilichopondwa, kisha nyanya zilizokatwakatwa na pilipili manga. Pika bila kufunika hadi mchuzi uwe mzito.
8. Paka mchuzi juu ya kila kipande, nyunyiza ufuta, na urudishe katika oveni kwa dakika 10 hadi ufuta ugeuke rangi ya dhahabu.
9. Toa, kamulia limau, nyunyiza dania iliyokatwakatwa, na uandae kikiwa moto pamoja na nyama, samaki au maharagwe, na ugali kiasi alichoshauriwa mlaji.

Ukijumlisha viambato vyote na kugawanya kwa walaji 4, kila mmoja hupata takriban gramu 18 za wanga, na takriban 7 kati ya hizo ni nyuzinyuzi. Wali wa gramu 200, yaani sahani ya kawaida, una takriban gramu 56. Unaweza kuiweka sentensi kama hii mwishoni mwa resipe yako chini ya kichwa "Faida kwa mlaji", mradi una hakika na takwimu zako. Usipokuwa na hakika, eleza bila nambari.

Umeona kwamba kila hatua ya pili au ya tatu ina sababu au ishara? Hizo ndizo zinazokufikisha kwenye maneno 400 bila kupiga porojo. Zingatia hasa neno "hadi". Dakika 25 katika oveni moja si sawa na dakika 25 katika nyingine, lakini rangi ya kahawia ni ile ile kila mahali. Mpe msomaji muda, na umpe pia kitu cha kutazama. "Hadi yaive", niliyoiandika mimi, haikumwambia mdogo wangu atazame nini.

Sasa lugha. Resipe hutumia hali ya kuamuru, nafsi ya pili umoja: osha, kata, oka. Kitenzi cha Kibantu kikichukua kiambishi cha mtendwa, irabu ya mwisho -a hugeuka -e: kata, lakini yakate, paka, lakini vipake, geuza, lakini vigeuze. Nasahihisha "yakata" na "vipaka" kila muhula. Vitenzi visivyoishia kwa -a havibadiliki: hesabu hubaki zihesabu. Unapounganisha amri mbili kwa "na" au "kisha", ya pili inaweza kuchukua u- na -e: osha, kisha uyakate. Ukikanusha, sema usifunike, usiyamenye.

Angalia kiambishi chenyewe kinarejelea nini. Biringanya liko katika ngeli ya LI-YA, hivyo ni yakate. Ila yakishakatwa, unachoshughulikia ni vipande, KI-VI, na kuanzia hapo ni vioshe, vipake, vigeuze. Rudi utazame hatua ya 1 na ya 2 uone pale ngeli inapobadilika. Mtahiniwa anayeendelea na "ya-" hadi mwisho bila kujua anakirejelea nini humchanganya msomaji.

Idadi nazo huwaangusha wengi. Si mabiringanya mbili, ni mabiringanya mawili. Si vijiko tatu, ni vijiko vitatu. Si kijiko moja, ni kijiko kimoja. Nyanya tatu ni sahihi kwa sababu ya ngeli ya I-ZI. Ukiandika tarakimu katika orodha ya viambato unaepuka mtego huu, lakini katika utaratibu utalazimika kuandika kwa maneno mahali fulani, kwa hivyo jifunze.

Jihadhari pia na neno "viungo". Wengi hulitumia kwa kila kitu kinachoingia katika chakula, lakini kuna utata, kwa sababu viungo pia ni bizari, pilipili manga na jamii yao. Viambato ni orodha nzima. Viungo ni sehemu yake. Na usianze kwa kuamuru kisha uhamie masimulizi. Nimewahi kusoma resipe iliyoanza "Osha mabiringanya" na kufikia "nikayaweka katika oveni, tukala, tukashiba". Ilikuwa kisa kizuri, lakini hakikuwa kimeulizwa.

Mama bado hupikiwa mboga hii. Nilimwandikia mdogo wangu upya, mara hii kwenye karatasi, nayo imebandikwa kwenye mlango wa kabati la jikoni, imejaa madoa ya mafuta. Hatua ya 5 ameipigia mstari yeye mwenyewe.

Zoezi

1. Soma tena ujumbe huu: "Kata mabiringanya, tia nyanya na mafuta, weka ndani ya oveni hadi yaive." Taja makosa matano ya kimaelekezo yaliyomo, na kwa kila kosa eleza litakaloharibika katika chakula. (alama 10)

2. Sahihisha sentensi hizi:
(a) Chukua biringanya mbili na uzikata vipande.
(b) Vitunguu tatu ziweke ndani ya kikaangio.
(c) Vipande vikikauka, vipaka mafuta kwa kijiko moja. (alama 6)

3. Shangazi yako hana oveni. Iandike upya hatua ya 6 hadi ya 8 kwa kutumia njia ya kupalia. Taja tahadhari moja ya usalama. (alama 8)

4. Andika resipe ya koliflawa ya kuoka kwa watu 6, mmoja wao akiwa na shinikizo la damu. Isipungue maneno 400. (alama 20)